Mali ya Kiongozi: Tuulize Kwanza, Ndipo Tuandike

Mtu akishajua kusoma, gazeti humletea mambo mengi. Kuna bei ya pamba, kuna habari za mvua, kuna dawa ya ugonjwa wa kuku. Kuna pia habari za mali za viongozi. Fulani ana majumba mjini. Fulani ana mabasi. Mke wa fulani ana kampuni. Mtoto wa fulani kanunua shamba kubwa. Habari za namna hii zinapendwa sana. Zinasomwa kwa sauti kijiweni, na siku hizi zinapita katika simu mchana na usiku.

Habari hizi si za upuuzi. Kiongozi ameshika fedha zetu na amepewa madaraka na sisi. Ni haki yetu kujua kama anaishi kwa jasho lake au kwa jasho la wengine. Lakini haki hii ina wajibu wake. Wajibu huo ni kusema kweli, na kuisema kwa kipimo chake. Katika makala hii tutaona maswali sita ya kuuliza kila tunaposoma, au tunapotaka kuandika, habari za mali ya kiongozi na jamaa zake.

HAKI YA KUULIZA SI MPYA

Hapa Tanzania jambo hili lina historia ndefu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka masharti ya uongozi. Kiongozi alikatazwa kuwa na hisa katika kampuni, yaani fungu lake katika mali ya kampuni. Alikatazwa kuwa mkurugenzi katika kampuni ya kibepari. Alikatazwa kupokea mishahara miwili au zaidi, na kuwa na nyumba ya kupangisha.

Angalia jambo moja muhimu. Azimio lilieleza kwamba kiongozi maana yake ni mtu pamoja na mkewe, au mtu pamoja na mumewe. Waliotunga Azimio walijua mapema kwamba mali inaweza kuhama usiku ikaingia katika jina la mwenzi wa ndoa.

Mwaka 1991 chama kilikutana Zanzibar na masharti hayo yakalegezwa. Kisha mwaka 1995 ikatungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma. Sheria hii haimkatazi kiongozi kuwa na mali, bali inamtaka aitaje. Kiongozi anajaza tamko la mali na madeni anaposhika kazi, kila mwisho wa mwaka, na anapoacha kazi. Anataja mali yake, ya mume au mke wake, na ya watoto wake wadogo ambao hawajaoa wala kuolewa. Tamko linapelekwa kwenye Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma. Mawaziri na wabunge wanajaza. Hata madiwani wetu wanajaza.

Lakini fomu hizo hazibandikwi ukutani kama matokeo ya mtihani. Kuzikagua kuna masharti yake. Kwa hiyo habari nyingi tunazosikia hazikutoka kwenye fomu hizo. Zimetoka kwa watu. Na za watu ndizo zinazotaka kuulizwa maswali.

UWONGO UNAMSAIDIA NANI?

Wengine husema, "Hata tukiongeza kidogo kuna ubaya gani? Mwizi ni mwizi tu." Hebu tuchukue mfano.

Tuseme katika chama cha msingi shilingi 4,000,000 za wakulima hazionekani. Stakabadhi zipo zinazoonyesha fedha ziliingia, lakini katika daftari la benki hazimo. Jambo hili lina ushahidi wa karatasi. Lakini kijijini watu hawasemi habari za stakabadhi. Wanasema mwenyekiti kanunua malori mawili, na kwamba ana shilingi milioni mia moja benki.

Siku ya mkutano mkuu inafika. Mwanachama anasimama kwa hasira na kutaja malori. Mwenyekiti anainuka taratibu, anatoa kadi za magari. Malori ni ya mfanyabiashara wa mjini ambaye hata hawana undugu. Watu wanacheka. Mwenyekiti anasema, "Mmeona, ndugu zangu? Haya yote ni wivu na fitina." Anapigiwa makofi. Mkutano unafungwa. Na zile shilingi 4,000,000? Hakuna aliyeziuliza.

Basi umeona uwongo ulimsaidia nani. Ulimsaidia aliyepaswa kuulizwa. Neno moja la uwongo likipatikana katika habari, yaliyo kweli nayo hutupwa. Na kama mwenyekiti yule alikuwa hana kosa, ubaya ni mkubwa zaidi: mtu mwema amechafuliwa jina, na watoto wake wanasimangwa shuleni.

Sasa tuyaangalie maswali yetu sita.

SWALI LA KWANZA: MALI NI YA NANI HASA?

Jirani zetu wa Kenya wana mfano mzuri. Mwaka 2011 gazeti la Marekani liitwalo Forbes, ambalo hutaja matajiri, lilimweka Uhuru Kenyatta katika orodha ya matajiri 40 wa Afrika. Wakati huo alikuwa naibu waziri mkuu na waziri wa fedha. Lilisema ana mali ya dola milioni 500. Mwaka uliofuata, 2012, jina lake halikuwamo. Je, alifilisika kwa mwaka mmoja? La. Mali iliyokuwa ikihesabiwa, yaani ardhi, biashara ya maziwa, benki na mengineyo, ilikuwa inahusu familia nzima ya marehemu Mzee Jomo Kenyatta. Kuna mama, kuna ndugu. Ukichukua mali ya nyumba nzima ukamwandikia mtu mmoja, hesabu imeharibika.

Hata hapa kijijini tunalijua jambo hili. Ng'ombe waliomo zizini kwangu si wote wangu. Wengine ni wa mama, wengine ni wa shangazi, wengine ni mahari ya dada yangu. Mpita njia atahesabu pembe zote na kusema mimi ni tajiri.

Lakini tuwe waangalifu upande wa pili pia. Jamaa wanaweza kutumiwa kama gunia la kufichia. Kwa hiyo tusiseme, "Ni mali ya familia, basi tuache." Tuseme wazi: kitu hiki kiko kwa jina la kaka yake, kile kiko kwa jina la mkewe, na hiki kiko kwa jina lake mwenyewe. Kisha tuulize kama kiongozi alitumia madaraka yake kumsaidia jamaa huyo kukipata.

SWALI LA PILI: KUNA KARATASI GANI?

Kwa swali hili twende mbali kidogo, mpaka China, kwa sababu huko kazi ya kutafuta karatasi ilifanywa vizuri sana.

Mwezi wa Oktoba 2012 gazeti la Marekani liitwalo New York Times liliandika juu ya jamaa za Wen Jiabao, ambaye alikuwa waziri mkuu wa China. Mwandishi wake, David Barboza, hakutegemea maneno ya kijiweni. Alipekua kumbukumbu za makampuni na za ofisi za serikali zinazosimamia makampuni, tangu mwaka 1992 hadi 2012. Alifuata jina moja baada ya jingine. Mara nyingi majina ya jamaa yalikuwa yamefichwa nyuma ya majina ya marafiki na washirika wao wa biashara.

Aligundua kwamba jamaa hao walikuwa na mali isiyopungua dola bilioni 2.7. Bilioni moja ni milioni elfu moja. Kwa hiyo hizo ni dola milioni 2,700. Mama wa waziri mkuu alikuwa na umri wa miaka 90, na zamani alikuwa mwalimu wa shule. Kumbe kwa jina lake peke yake kulikuwa na hisa katika kampuni ya bima ambazo mwaka 2007 zilikuwa na thamani ya dola milioni 120!

Sasa, hapa ndipo penye somo kubwa. Gazeti lilisema pia kwamba halikuona mali yoyote kwa jina la Wen Jiabao mwenyewe. Halikusema "waziri mkuu ana bilioni 2.7." Lilisema "jamaa zake." Habari ilikuwa nzito hata bila kuongezwa chumvi.

Serikali ya China ilifunga tovuti ya gazeti hilo isisomwe nchini mwake. Wanasheria wa familia walitoa taarifa ya kukanusha, na gazeti likaandika habari ya kukanusha huko. Mwaka 2013 mwandishi huyo alipewa tuzo ya Pulitzer, ambayo ni heshima kubwa kwa waandishi wa Marekani.

Na sisi huku karatasi zetu ni zipi? Ni hati ya ardhi au ya nyumba. Ni kadi ya gari. Ni kumbukumbu za makampuni kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni. Ni ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na taarifa ya ukaguzi inayosomwa katika mkutano wa chama. Anayesema "nimesikia" ana neno. Anayesema "nimeona karatasi hii, ya tarehe hii" ana ushahidi.

SWALI LA TATU: NI THAMANI YA SIKU GANI, NA KWA FEDHA GANI?

Bei hupanda na kushuka. Kiwanja kilichonunuliwa miaka ishirini iliyopita kwa shilingi laki tano huenda leo kinauzwa kwa milioni thelathini, kwa sababu barabara ya lami imepita. Mwenyewe hakufanya chochote. Bei ndiyo iliyopanda. Ukiandika kwamba "alitumia milioni thelathini kununua kiwanja," umesema uwongo, ingawa kiwanja ni kilekile.

Kadhalika uangalie fedha yenyewe. Dola milioni moja na shilingi milioni moja ni mbingu na ardhi. Milioni na bilioni nazo ni vitu viwili. Mwandishi akiacha sifuri tatu au akiziongeza, amebadilisha habari yote. Kwa hiyo andika: thamani hii ni ya mwaka fulani, kwa fedha ya nchi fulani.

SWALI LA NNE: MADENI YAKO WAPI?

Ndiyo maana sheria yetu inataka tamko la mali na madeni. Turudi kwa mwenyekiti wa mfano wetu na kupiga hesabu. Chukua kalamu.

Nyumba yake ina thamani ya shilingi 12,000,000.
Pikipiki yake ina thamani ya shilingi 2,500,000.
Zizini mna ng'ombe 8, kila mmoja shilingi 700,000. Jumla yao ni shilingi 5,600,000.
Ukijumlisha vyote unapata shilingi 20,100,000.

Lakini ng'ombe 3 ni wa mama yake. Toa shilingi 2,100,000. Zinabaki 18,000,000.
Ana mkopo wa ushirika wa akiba wa shilingi 6,000,000, na bado anadaiwa shilingi 1,100,000 za pikipiki. Madeni yote ni shilingi 7,100,000. Toa tena. Zinabaki shilingi 10,900,000.

Mtaani walisema ana milioni mia moja. Hesabu inasema chini ya milioni kumi na moja. Huu ni mfano tu, lakini unaonyesha jinsi mali inavyovimba midomoni mwa watu.

SWALI LA TANO: AMEIPATAJE?

Kuwa na mali ni jambo moja. Kuiba ni jambo jingine. Tusiyachanganye.

Wengi wetu tunalikumbuka neno "vijisenti." Mwaka 2008 gazeti la Uingereza liliandika kwamba wachunguzi wa nchi hiyo, waliokuwa wakichunguza ununuzi wa rada ya Tanzania, walikuta fedha za Andrew Chenge katika kisiwa cha Jersey. Zilikuwa zaidi ya dola milioni moja. Wakati huo alikuwa Waziri wa Miundombinu. Hakukataa kuwa na fedha hizo, na aliziita vijisenti. Alichokataa ni kwamba zilitokana na rushwa. Mwezi wa Aprili mwaka huo alijiuzulu uwaziri. Lakini hakutiwa hatiani na mahakama kwa ajili ya fedha hizo.

Mwandishi mwangalifu ataandika hayo yote. Ataandika kwamba fedha zilikuwapo, kwamba mwenyewe alikataa habari ya rushwa, kwamba alijiuzulu, na kwamba hakutiwa hatiani. Akiacha la kwanza amewaficha wananchi. Akiacha la mwisho amemhukumu mtu kwa kalamu.

Kenya nako mwezi wa Oktoba 2021 waandishi wa nchi nyingi walitoa habari kutoka katika nyaraka nyingi zilizovuja, zilizoitwa Pandora Papers. Nyaraka zilionyesha kwamba familia ya Kenyatta ilikuwa na makampuni katika nchi za nje ambako majina ya wenye mali hufichwa. Kampuni moja ilikuwa na mali ya zaidi ya dola milioni 30. Lakini waandishi walisema wazi kwamba hawakuona ushahidi kuwa familia iliiba fedha za serikali. Walichoandika ni kwamba mali ilifichwa machoni pa watu. Hilo peke yake lilitosha kuulizwa, kwa sababu rais mwenyewe alikuwa amesema kwamba mali za viongozi zinapaswa kuwekwa wazi.

Kama mali ya kiongozi haifanani kabisa na mapato yake, sheria ina njia. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaiwezesha TAKUKURU kumtaka mtumishi wa umma aeleze alivyopata mali hiyo. Kazi ya mwandishi ni kuonyesha kwamba mali na mshahara havilingani. Kazi ya kuhukumu ni ya mahakama.

SWALI LA SITA: MWENYEWE AMEULIZWA?

Wahenga walisema, njia ya mwongo ni fupi. Lakini hata asiye mwongo hupotea njia asipouliza. Kabla ya kuandika, muulize mtajwa. Mpe muda wa kujibu. Akijibu, andika jibu lake hata kama hulipendi. Akikataa kujibu, andika kwamba aliulizwa na hakujibu. Mwandishi yule wa habari za China alifanya hivyo: aliwauliza wahusika kabla ya kuchapisha.

Kumwuliza mtu si kumwogopa. Mara nyingine jibu lake ndilo linalosahihisha hesabu yako. Mara nyingine jibu lake ndilo linalomnasa.

MAMBO YA KUFANYA HUKU KWETU

Kwanza, ukipata habari ya mali ya kiongozi katika simu, usiitume mbele kabla hujaipitisha katika maswali sita. Kutangaza habari za uwongo kwa njia ya simu au kompyuta ni kosa katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Tena aliyechafuliwa jina anaweza kukudai fidia mahakamani.

Pili, ukiandika barua kwa gazeti, tenganisha uliyoyaona na uliyoyasikia. Andika, "Nimeona." Andika, "Nimesoma katika taarifa ya ukaguzi." Andika, "Watu wanasema, lakini sijathibitisha." Hilo la mwisho mara nyingi ni afadhali kuliacha.

Tatu, ukikosea, sahihisha haraka, mahali palepale ulipokosea.

Nne, katika mkutano wa kijiji au wa chama, anza na fedha za umma kabla ya mali ya mtu. Omba kusomewa mapato na matumizi. Uliza stakabadhi. Linganisha tarakimu za mwaka jana na za mwaka huu. Fedha iliyopotea huacha nyayo katika daftari la hesabu kabla haijafika kwenye nyumba ya mtu.

Ndugu msomaji, zamani karani peke yake ndiye aliyejua yaliyomo katika daftari. Sisi tulikuwa tunabonyeza dole gumba na kuondoka. Leo tunasoma wenyewe na kupiga hesabu wenyewe. Kiongozi asiye mwaminifu haogopi kelele, kwa sababu kelele zinaisha jua likizama. Anaogopa mwananchi mwenye kalamu, anayetaja jina sahihi, tarakimu sahihi na tarehe sahihi. Basi tuwe wananchi wa namna hiyo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini Azimio la Arusha lilimhesabu mume au mke pamoja na kiongozi?
2. Mali ya mwenyekiti wa mfano wetu ingekuwa kiasi gani kama ng'ombe wote 8 wangekuwa wake?
3. Katika mkutano wa chama, mwanachama yule angesema nini badala ya kutaja malori?
4. Taja karatasi tatu zinazoweza kuthibitisha mali ni ya nani.